Kata Kwenye Baraza la Maktaba

Pii. Kimya. Pii. Kimya. Pii. Ndivyo lilivyokuwa likilia lile boksi jeusi chini ya meza kila umeme ulipokatika, na umeme wa Moshi mwaka ule ulikuwa ukikatika kama mtu mwenye kwikwi. Tuliliita yupiesi. Kazi yake ilikuwa kuishikilia kompyuta roho kwa dakika chache ili mtu awahi kuhifadhi alichoandika, na kazi yangu mimi ilikuwa kupaza sauti, "Hifadhiii!" Chumba kizima kikaitikia, viti vikagongana, mtu akalia, "Imekubali! Imekubali!" na mwingine akashika kichwa. Nimeshakuwa mama mtu mzima, nina duka langu la steshenari Majengo, lakini lori likirudi nyuma barabarani likalia pii, pii, mkono wangu unaruka wenyewe kutafuta kipanya. Wateja wanacheka. Nami nacheka nao, ila moyo unakuwa umeshatoka mbio.

Mwezi uliopita tulimpoteza Bi Zuhura, aliyekuwa mkutubi wetu. Nilikwenda msibani kwake, nyumba ya tatu kutoka msikitini, nikakaa mkekani na akina mama. Wanaume walipokuwa makaburini chakula kikaletwa kwenye masinia, na binti mmoja mwenye adabu zake, aliponiona na rozari shingoni, akanichotea pilau kwenye sahani akaniwekea pembeni. Alidhani ananiheshimu. Mama mmoja mzee akamkemea: "We mtoto, unamtenga huyu? Marehemu angekuona angefufuka akuzabe. Msogeze hapa." Nikasogezwa, sahani ikamwagwa kwenye sinia, mikono yetu ikakutana kwenye wali, na hapo ndipo machozi yaliyokuwa yamegoma tangu asubuhi yakaja yote. Walidhani ni uchungu wa msiba tu. Ulikuwa msiba, na ulikuwa pia mwaka mzima unaorudi kwa mkupuo mmoja. Nilipotoka uani nikamkuta mwanamume mwenye kipara amesimama karibu na pipa la maji, ananitazama. Akasema taratibu, "Feli. Hifadhi." Ndipo nikamjua kuwa ni Elinami, mwanafunzi wa wakati ule.

Basi niseme ya mwaka ule. Simu za mkononi zilikuwa bado za wakubwa, na kahawa ilikuwa imeshuka bei mpaka watu wa kwetu Kilema walikuwa wanang'oa mibuni kwa siri, kama wanaotoa jino lililooza, wapande nyanya. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na cheti cha kuficha chini ya godoro. Chuo kimoja pale Moshi kilikuwa kimeletewa kompyuta za msaada, na Bi Zuhura akawabana wakubwa mpaka wakampa chumba cha nyuma cha maktaba, kilichokuwa kikihifadhi magazeti ya zamani. Akataka msichana wa kukitunza: kufuta vumbi, kufungua na kufunga, kuwaonyesha watu pa kukaa. Ndiye mimi. Chumba kilikuwa na harufu ya karatasi kuukuu na ya plastiki mpya, vyote pamoja. Dirisha moja lilitazama mlima, na mlango wa nyuma ulifungukia baraza pana lenye kivuli cha miti ya migrivilea. Katikati Bi Zuhura aliweka meza zote zikagusana, zikawa kama meza moja kubwa ya harusi, kompyuta juu yake. Akakiita Chumba cha Pamoja. Kule mbele ya maktaba kibao kilisema KIMYA. Kile cha mlango wetu alikitoa kwa mkono wake. Lakini watu wana mazoea. Waliingia wakinyata, wakakaa kila mmoja na kioo chake, wakaulizana kwa minong'ono. Bi Zuhura alikuwa akichungulia mlangoni: "Semeni, jamani! Mnanong'ona nini, kuna mgonjwa humu?"

Alikuwa na wazo ambalo wakati ule nililielewa nusu tu. Alisema kitabu unaweza kukisoma peke yako, lakini hizi mashine zimekuja na kazi ambazo mtu mmoja haziwezi. Anayejua ramani akae na anayejua historia, na wote wawili wakae na mwenye shamba, kwenye meza moja, wabishane. Maktaba, alisema, isiwe ghala tu, iwe na jiko. Mkuu wa chuo hakumkatalia. Alisema tu, mbele yangu, akiwa ameshika kitasa cha mlango: "Bi Zuhura, mwisho wa mwaka wa masomo nitakuja kuangalia. Nikikuta watu wanafanya kazi pamoja, chumba kibaki. Nikikuta kila mtu anachapa barua zake, kompyuta ziende kwenye ofisi za wakuu wa idara. Wamenisumbua vya kutosha." Akaenda zake. Na kibarua changu kilikuwa cha chumba; chumba kikifa, mimi narudi Kilema kumwagilia nyanya.

Tangu siku ile sikukaa. Nilikuwa na tumaini kubwa kuliko kichwa changu. Nilijiona miaka ijayo nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka, watu wananiita, "Dada Feli, hebu njoo utuonyeshe." Jioni, wanafunzi wakiondoka, nilijifunza kuchapa kwa kunakili makala za magazeti ya zamani, habari za vyama vya ushirika na mechi za mpira za watu waliokwisha kuzeeka. Mchana nilikuwa nikizunguka meza kama kuku anayetafuta pa kutagia, nikihesabu kwa macho ni wangapi wanaongea na ni wangapi wamenyamaza. Nikiona wawili wameinamia kioo kimoja, nilitamani nikamlete Mkuu kwa kumshika mkono.

Mwenye kazi ya kutuokoa alikuja mwenyewe. Elinami alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, kijana wa Machame mwenye miguu mirefu na kicheko cha kujaza kanisa, na utafiti wake ulikuwa kuchora kwenye kompyuta ramani ya mifongo ya Kilema. Mfongo, kwa asiyejua, ni mfereji waliochimba babu zetu kuteremsha maji ya mtoni hadi kwenye migomba. Kila mmoja una banio lake la kuchepushia maji kule juu, na ukoo uliolichimba, na zamu, na ugomvi wake. Msimamizi wake alikuwa Daktari Mbwambo, Mpare, mtu wa kalamu tatu mfukoni. Bi Zuhura alipowasikia kwenye korido wakilalamika kwamba hawana pa kukutana na wazee, aliwavuta ndani kwa mikono miwili. "Waleteni hapa! Hapa ndipo pao!" Na mimi ndiye niliyetumwa kwetu kuwaomba wazee, maana niliwajua: Mzee Aloisi, wa upande wa juu wa mfongo mkubwa, mwembamba, na maneno yake machache kama ya mtu anayelipia kila neno, na Mzee Karoli, wa upande wa chini, mnene, mcheshi, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Wote wawili walikubali bila maswali. Nilirudi mjini naimba.

Siku waliyokuja walivaa makoti. Daktari Mbwambo alikuwa amepanga kila kitu kwa nia njema kabisa, ili asipoteze muda wao. Alimkalisha Mzee Aloisi kona hii na kompyuta moja na Elinami, na Mzee Karoli kona ile na kompyuta nyingine na mwanafunzi mwenzake, kila mmoja na soda yake na mrija. Zile meza za harusi zilikuwa zimetenganishwa ili sauti zisiingiliane. Wazee walikunywa soda zao taratibu, wakajibu walichoulizwa, wakashukuru, "Aika, aika," wakaondoka. Chumba kilikuwa kimetulia kama mtihani. Daktari alisugua viganja kwa furaha. "Safi kabisa. Hakuna aliyemkatiza mwenzake."

Kesho yake Elinami aliunganisha ramani mbili ziwe moja. Nilikuwa nafuta dirisha nikamsikia anaguna, kisha anacheka, kisha hacheki tena. "Feli, hebu njoo uone maajabu." Kwenye kioo, mfongo ulikuwa na mabanio mawili yaliyochimbwa na koo mbili, kila moja likidai kuwa la kwanza. Katikati ya kijiji mstari ulikutana na mwenzake ukageuka. "Unaona hapa? Maji yanapanda mlima!" Daktari Mbwambo alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, maji yakawa bado yanapanda. Akasema lazima mmoja wa wazee ni mwongo. Elinami akauliza, "Yupi, mwalimu?" Mkuu alikuwa ametangaza kuwa angepita wiki inayofuata, na kitu pekee tulichokuwa nacho cha kumwonyesha kilikuwa mto uliochanganyikiwa.

Jumapili nilipanda Kilema, nikamkuta Mzee Aloisi baada ya misa, amekaa kwenye ukuta wa mawe. Nikamwambia, "Shikamoo, meku," kama tunavyowaita wazee kwetu. "Marahaba, mwanangu. Ile mashine yenu haijambo?" Nikamweleza, na aibu zangu zote. Hakukasirika. Alikung'uta vumbi kwenye goti akasema: "Sisi tulikuja kuongea habari za maji, mkatugawa kama watahiniwa. Mtu ukimkalisha peke yake, atakuambia nini? Atakuambia ya baba yake. Mimi nilisema ya baba yangu, Karoli naye kasema ya baba yake, na sisi sote tumesema kweli. Maji hayasemwi na mtu mmoja. Yanasemwa kata ya mbege ikiwa inazunguka, ili ukianza kupotea, mwenzako akunyang'anye." Akainua kidole. "Halafu soda. Soda ya mtu mmoja mmoja ni ya msafiri. Uliona wapi wenye mfongo wanakunywa kila mtu chake?"

Jumatatu mchana nilimweleza Bi Zuhura tukiwa tunakula. Tulikuwa na desturi yetu: yeye alileta wali na maharage ya nazi kwenye hotipoti, mimi nilileta ndizi nilizopika na maharage, kiburu cha kwetu, tukavimimina vyote kwenye mfuniko mmoja, tukala nyuma ya rafu za ensaiklopedia ambapo kula kulikatazwa na yeye mwenyewe. Alisikiliza tonge likiwa mkononi. Kisha akalirudisha chini, akacheka mpaka akajifuta kwa mtandio. "Ya Rabi! Feli, na mimi nilikuwepo nikaona zile meza zimetengwa, nikanyamaza! Mimi, mtoto wa Majengo, niliyelelewa kwenye sinia! Kwetu mgeni ukimpa sahani yake peke yake umemwambia aende." Ghafla uso ukabadilika. "Lakini pombe ndani ya maktaba yangu, hapana. Kwa hilo nisamehe." Nikamwambia mbege yetu ya ndizi na ulezi si pombe, ni chakula. Akanitazama. "Mchagga wewe, usiniuzie." Tonge likawa haliliki. Upepo ukaufungua mlango wa nyuma ukaugonga ukutani, tukageuka wote wawili tukaliona baraza. Akanyanyuka bila kunawa.

Ndiyo maana Jumatano ile chumba chetu kilitoka nje. Waya ndefu ilipitishwa dirishani, kompyuta moja tu ikawekwa kwenye meza barazani, yupiesi chini yake, na viti vikaizunguka. Mkwe wa Mzee Karoli alipika mbege tamu, ikashuka kutoka Kilema kwenye ndoo yenye mfuniko. Bi Zuhura alikaa upande unakotokea upepo, birika lake la chai mkononi, kama mlinzi wa mpaka. Mzee Karoli, mwenye pombe, alichota kwa kata akaonja kwanza kama ilivyo ada, akampa Aloisi, Aloisi akampa Daktari Mbwambo, na Daktari alipoishika kwa mikono miwili Karoli akamwambia, "Kunywa, Mpare, hatukushtaki. Ninyi kuku akipotea mnauza ng'ombe mwende mahakamani." Daktari akafuta povu mdomoni. "Na ninyi mngeuza mahakama." Walicheka mpaka ndege wakaruka kwenye migrivilea. Kisha wakaanza. Sijawahi kusikia kelele tamu kama ile. Aloisi akisema banio ni la ukoo wake, Karoli anamnyang'anya kata: "Ngoja! La ukoo wako ni lile la kwanza, lililobebwa na mafuriko. Babu yangu ndiye aliyelihamishia pale kwenye jiwe." "Kwenye jiwe lipi?" "Lile ulilokuwa ukianikia kahawa!" "Ah. Hilo kweli." Elinami anafuta mstari, anachora mwingine, na wazee walikuwa wanagusa kioo kwa vidole vyenye mbege, "Hapa! Pandisha kidogo! Sasa teremsha!" Nikaruka na kitambaa changu kufuta. Bi Zuhura akanishika mkono. "Acha. Usifute." Kwenye kioo, chini ya alama za vidole, maji yalikuwa yanateremka.

Ndipo ikalia. Pii. Kimya. Pii. "Hifadhiii!" nikapiga kelele, na wazee nao, bila kujua ni nini, wakapiga kelele, "Hifadhiii!" Elinami akabonyeza, akanyoosha mikono juu: "Imekubali!" Yupiesi nayo ikachoka, kioo kikazima. Tulikuwa bado tunashangilia nilipogeuka, nikamwona Mkuu wa chuo amesimama kwenye mlango wa baraza, wageni wawili wenye tai nyuma yake. Walikuwa wamepitia mbele. Walikuwa wameingia Chumba cha Pamoja wakakikuta kitupu, kimya, kompyuta zote nyeusi, viti havipo. Na sasa walitukuta sisi nje, mchana wa kazi, tunapiga kelele, na ndoo ya mbege.

Bi Zuhura alieleza. Alieleza vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia, akimwonyesha kile kioo kilichozima kana kwamba ramani ingejitokeza kwa aibu. Mkuu aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Hakuwa mtu mbaya, naye alikuwa Mchagga wa Kibosho, alijua mbege ni nini. Mzee Karoli alijaza kata akampelekea kwa mikono miwili: "Karibu kiti, Mkuu. Kuna nafasi." Nafasi ilikuwepo, nilikuwa nimeshainuka, nimempangusia kiti changu kwa kitambaa cha kioo. Mkuu aliwatazama wageni, akatazama saa. Akapokea kata, akanywa mafunda mawili amesimama, akasema, "Aika, meku, nipo kazini," akairudisha, akaenda. Tulisikiliza viatu vyao mpaka vikaisha. Mzee Aloisi akasema, si kwa hasira, kama mtu anayeeleza hali ya hewa: "Anywaye amesimama ameshaaga."

Elinami aliimaliza ramani, akafaulu nayo. Nakala yake kubwa ilibandikwa nyumbani kwa mwenyekiti wa mfongo. Moshi wa jikoni umeila rangi, ila siku za zamu wazee bado huweka kidole pale kwenye jiwe. Pale uani kwa Bi Zuhura, Elinami aliniambia kwamba siku hizi vyuo vinajenga vyumba kama kile, vyenye vioo na viti vya magurudumu, na vina jina refu. Akasema alipoingia chuoni kwake akakuta vijana sita kwenye kioo kimoja wanagombana, alitoka nje akasimama ukutani kidogo. Nikamwambia na mimi dukani nimeweka kompyuta moja na benchi refu, si viti. Watu wanalalamika kubanana. Hawajui wanavyofundishana kwenye kubanana kule, barua ya mmoja inavyorekebishwa na watatu. Nami bado situlii, nazunguka nyuma yao.

Lakini mwaka ule ulikwisha vile alivyosema Mzee Aloisi. Kompyuta zilibebwa moja moja kwenda ofisini, na niliwafungulia wabebaji mlango. Bi Zuhura hakuja siku ile. Alisema kichwa kinamuuma. Alikuwa ameshaniandalia mahali kwa shangazi yake mwenye duka la kuchapa Majengo, ndiko nilikoanzia, lakini hilo nilikuja kulijua kesho yake. Siku ile nilijua tu kwamba nimeagizwa nitenganishe meza, nizipange kwa mistari, zitazame mbele, chumba kitumike kwa mitihani, kisha nifunge. Nikazisogeza. Nikafagia. Nikasimama mlangoni na ufunguo mkononi, dirishani mlima umejifunika, chumba kimenyooka kama mistari ya daftari la mtoto. Nikauweka ufunguo sakafuni. Nikarudi, nikaishika meza ya kwanza, nikaivuta katikati, nikavuta ya pili, miguu yake ikilia kwenye saruji, mpaka zote zikagusana. Nikazungushia viti. Kisha nikafunga mlango, nikashuka kwenda kurudisha ufunguo.